Mama wa Labo na Mate ya Watu Wawili

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wagonjwa, madaktari, hata mlinzi wa langoni, wote walimwita Mama wa Labo, yaani wa maabara, naye aliitika kama mtu aliyebatizwa hivyo. Nilimjua kwa miaka sita na sikuwahi kuuliza jina jingine. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na chini ya koti lake jeupe kikwembe kilichungulia, kila siku kingine, kila siku kimepigwa pasi. Alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja. Alipokunywa munkoyo, togwa ya kwetu ambayo aliipenda kuliko soda yoyote, aliwageuzia watu mgongo. Katika miaka yote hiyo sikumbuki kuyaona meno yake hata mara moja.

Kazi yake ilikuwa kukusanya mate ya watu.

Mdogo wangu Trésor alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao hapa Lubumbashi karibu kila ukoo unaujua. Utoto wake wote ulikuwa maumivu ya mifupa na kuongezwa damu, na mama yetu akikaa kando ya kitanda kumkanda miguu. Alipofika miaka kumi na saba, familia ilifaulu kumpeleka India. Huko waliuua uboho wake kwa dawa, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kisha wakampandikizia seli shina zilizotoka kwangu, kwa sababu kati ya ndugu wanne ni mimi niliyelingana naye. Zikashika. Alirudi nyumbani bila selimundu.

Lakini damu mpya, hata ikitoka kwa dada, inaweza kuukataa mwili iliohamia. Inaushambulia kana kwamba mwili ndio mgeni. Inashika ngozi, inashika macho, na mara nyingi inashika kinywa: kinakauka, kinawaka, kinatoka vidonda, mtu anashindwa kumeza hata uji. Daktari anapoviona vidonda, mambo yamekwisha kwenda mbali. Kwa hiyo daktari wa kliniki tuliyokuwa tukienda, pamoja na wenzake wa chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, walikuwa wakitafuta dalili ndani ya mate yenyewe, protini zinazopanda au kushuka kabla kidonda hakijatokea. Watu waliorudi mjini na uboho wa wengine walikuwa wachache, wangetosha kwenye benchi mbili. Kila Alhamisi asubuhi, kabla ya kula na kabla ya kupiga mswaki, walikuja kwa Mama wa Labo.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, kina dirisha moja lenye kioo cheupe kisichopitisha macho, kiti kimoja, na friza kubwa iliyounguruma mfululizo kama mtu anayeomboleza bila kufungua mdomo. Mgonjwa aliketi, akainamisha kichwa, akaacha mate yadondoke yenyewe ndani ya kichupa. Ilikatazwa kutema kwa nguvu. Ilikatazwa kusema. Mama wa Labo alishika saa mkononi, dakika tano, na katika dakika hizo tano hakuna aliyekohoa. Ulisikia friza, na ulisikia matone. Kisha alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa muda ambao ulikuwa mrefu mno kwa kitu kidogo kiasi kile, akakifunga, akaandika namba, akakiweka kwenye barafu. Kila baada ya miezi kadhaa, sanduku lenye moshi wa baridi lilipelekwa uwanja wa ndege.

Alipofungua friza aliisalimia. Sisemi kwa utani. Alisema, "Jambo yenu," kwa sauti ya chini, na alipoifunga alisema, "Bamelala bote," wamelala wote. Mara ya kwanza nilidhani anasema na mtu nyuma ya mlango.

Siku moja nilimkuta ameitoa trei nzima, anafuta sakitu kwenye vichupa kimoja kimoja kwa kitambaa cheupe, jinsi watu wanavyofuta mawe ya makaburi siku ya Watakatifu Wote. Akaninyoshea kimoja.

"Huyu alikufa mwaka iliopita," akasema. "Angalia. Mate yake ingali hapa. Muntu anaenda, kinywa inabakia."

Nilikishika kwa kuwa alikuwa amekinyosha. Kilikuwa baridi kiasi cha kunata kwenye ngozi. Nilipokirudisha, kidole changu kilikataa kubanduka, ikabidi nivute.

Mtu asiyetoka kwetu huenda asielewe kwa nini watu waliingia chumba kile na hofu. Mama yangu ni wa kaskazini ya Katanga, binti wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa kila Jumapili, na hajawahi kuacha mate yake mahali ambapo mtu anaweza kuyaokota. Akitema, anafukia kwa kiatu. Na bibi yetu, tulipokwenda kufanya mtihani wa serikali, alituita mmoja mmoja, akachukua maji kinywani, akatunyunyizia usoni na kifuani ili tubarikiwe. Mate yana nguvu, nasi tulilelewa hivyo. Mwenye mate yako ana kipande chako.

Ndiyo maana siku ya kwanza mama alisimama mlangoni na mkoba wake kifuani, akakataa kukaa.

"Mate ya mutoto yangu inaenda wapi?" akauliza.

"Inaenda Mputu, na ndege," akajibu Mama wa Labo. Mputu ni Ulaya.

"Juu ya kufanya nini?"

"Juu ya kuiuliza kama kinywa yake itagonjwa."

"Na nani anaiulizaka?"

"Mashini, mama."

Mama akamtazama yule mwanamke kutoka kwenye viatu mpaka kwenye kilemba. "Na weye? Hauiulizake kitu?"

Mama wa Labo alikuwa anafunga kichupa cha Trésor, na alikikaza polepole, mzunguko wa mwisho kisha mwingine tena, hadi mama alipoondoa macho.

Baba mmoja mfanyabiashara, Mkasai aliyejenga villa kule mtaa wa Golf, alikataa kabisa. Binti yake, Ornella, alikuwa amepandikizwa uboho wa kaka yake, na Alhamisi ya kwanza yule baba alikuja kusema waziwazi kwamba mate ya mtoto wake hayataingia kwenye sanduku la mchawi yeyote. Nilikuwa pale na Trésor, tukisubiri zamu. Nilitegemea ugomvi. Mama wa Labo alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akainamisha kichwa, akajaza kichupa kwa mate yake mwenyewe, akakifunga na kumkabidhi.

"Baba, kamata. Ni ya miye. Peleka kwa muntu yote unataka. Kama ninakufa, batajua ni weye."

Yule baba aliondoka nacho. Wiki nzima kilikaa ndani ya frijo ya jikoni kwake, nyuma ya chupa za maji. Mke wake alikataa kufungua mlango wa frijo. Mpishi aliaga akarudi kwao. Alhamisi iliyofuata yule baba alirudi, macho mekundu, akamshika binti yake mkono na kumkalisha mwenyewe kwenye kiti.

"Muchukue yenu," akasema, akiweka kile kichupa mezani. "Nyumba yangu imejaa weye, mama. Ninakusikia hata kwa bafu."

"Miye niko nabo bote humu kila siku," akasema Mama wa Labo akiionyesha friza. "Baba, sasa nani njo wa kuhurumia?"

Wote wawili walicheka, naye akafunika mdomo.

Hata hivyo mwanamke huyohuyo, aliyeyashika mate ya watu kutwa nzima bila kukunja uso, hakuweza kuvumilia mtu kutema chini. Niliwahi kumwona akimfuata dereva wa teksi hadi ng'ambo ya barabara ili amwambie arudi kufukia. Aliwacheka wanaoogopa uchawi, akawaita watoto. Lakini mimi na Trésor hakuturuhusu kamwe kunywa kwa kikombe kimoja chumbani mwake. Nilipouliza sababu alisema ni usafi. Nilipomkumbusha kwamba nyumbani tunakula sahani moja, alisema, "Kule ni kwenu," akaendelea kuandika.

Umeme ulikuwa adui wake. Ukikatika, aliweka kiganja juu ya friza, kama unavyopima homa ya mtoto, na hakukiondoa hadi jenereta iwake. Asubuhi moja jenereta ilikataa. Alihamisha trei zote kwenye masanduku ya barafu, akapakia teksi, akaenda mtaa wa Bel-Air kwa mwanamke mwenye chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki. Nilimsaidia kubeba. Kutwa nzima alikaa mle ndani juu ya gunia, amevaa makoti mawili, pumzi yake ikitoka nyeupe, katikati ya makatoni ya samaki walioganda na midomo wazi. Mwenye samaki aliponiuliza ndani ya masanduku mna nini, nilisema dawa. Mama wa Labo akamsahihisha kutoka ndani, kwa sauti iliyogonga kuta: "Hapana dawa! Ni bantu!" Yule mwanamke hakutuuliza tena kitu, na tulipotoka alimwaga maji kizingitini.

Ni Mama wa Labo aliyenieleza jambo ambalo madaktari wa India hawakunieleza, au walilieleza kwa lugha ambayo niliipa kisogo. Trésor alikuwa ametoka nje. Mama wa Labo alikuwa na kichupa cha Trésor mkononi, dirishani.

"Unajua mate ni nini?" akaniuliza.

"Maji ya kinywa."

"Maji, ndiyo. Lakini ndani muko seli. Zingine zinatoka ku mashavu, zingine zinatoka mu damu. Na damu ya Trésor ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi, mutoto yangu, mu hii tube muko bantu mbili."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekujulisha kwa mgeni. Nilitazama kile kitu kidogo chenye povu juu. Kundi la damu la Trésor lilikuwa O tangu kuzaliwa. Baada ya India lilikuwa A, kama langu. Hilo nilikuwa nalijua, limeandikwa kwenye karatasi zake. Lakini karatasi ni karatasi. Kuambiwa kwamba nimo kinywani mwa mdogo wangu, kwamba akinyamaza ninanyamaza naye na akisali ninalowana na maneno yake, kulikuwa jambo jingine.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anamwita Trésor kutoka uani, na aliita jina langu: "Bibiane! Bibiane, kuya kula!" Trésor akaitika, akaenda. Wala hawakugundua, yeye wala mama. Tangu siku hiyo nilianza kuhesabu mara ambazo mama alikosea, kisha nikaacha, kwa sababu zilikuwa nyingi na kwa sababu Trésor aliitika kila mara.

Nilimsimulia Mama wa Labo. Akakasirika. "Acha upumbafu. Damu haina akili. Mama yenu anazeeka." Lakini Alhamisi iliyofuata alinitazama mimi kwanza, usoni, kwa muda, ndipo akakiinua kichupa cha Trésor.

Ilikuwa katika msimu wa baridi, mwezi wa saba, asubuhi ambayo vumbi jekundu lilikuwa limetulia juu ya kila kitu. Trésor alikaa kitini. Dakika tano zilipita na mate hayakufika kwenye mstari uliochorwa kichupani. Mama wa Labo akampa dakika nyingine. Kisha akakiinua kichupa, akakigeuza, na ndani nikaona uzi mmoja mwembamba unavutika kutoka chini hadi juu bila kukatika. Akakinusa. Hilo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Inaanza," akasema.

"Nini inaanza, mama?" Trésor akauliza.

"Kinywa, papa. Inaanza."

Daktari alikuja na taa yake ya kichwani, akageuza mashavu, akainua ulimi, akabonyeza fizi. Kinywa kilikuwa safi. Hakuna wekundu, hakuna doa. Akasema atasubiri majibu ya ng'ambo.

"Majibu itafika kisha miezi," akasema Mama wa Labo.

"Mama, siwezi kutibu uzi," akajibu daktari, na hakuwa amesema kwa dharau. Alikuwa kijana mwenye adabu. Dawa za kutuliza damu inayoshambulia zinamwachia mgonjwa mwili usio na ulinzi, daktari hawezi kuzitoa kwa sababu ya jicho la mtu.

Mama wa Labo alivua koti jeupe, akalikunja, akalipakata, akaketi kwenye benchi nje ya mlango wa daktari na kikwembe chake cha maua ya manjano. Wagonjwa waliingia, wakatoka. Saa ya chakula ikapita. Daktari alipotoka alimkuta palepale, alipokwenda kunawa na kurudi alimkuta. Mama wa Labo alimtazama tu kwenye mdomo, kila alipopita, kwenye mdomo, mpaka daktari akaanza kujifuta midomo kwa mkono. Mwishoni mwa siku akakubali kumwona Trésor kila wiki badala ya kila mwezi, na akaandika dawa ya kusukutua iwe tayari.

Wiki ya pili, ndani ya shavu la kushoto, palitokea mistari myeupe, myembamba, iliyopishana kama lesi ya nguo ya komunyo. Wiki ya tatu ilikuwa pande zote mbili, na chini yake nyama ilikuwa mbichi.

Sitaki kurefusha miezi iliyofuata. Trésor aliacha bukari, ugali wetu, akaacha sombe ya majani ya muhogo, akaacha chochote chenye chumvi. Maji ya kawaida yalimchoma. Aliishi kwa uji uliopoa na maziwa, na aliongea kama mtu mwenye kaa la moto kinywani, kisha akaacha kuongea. Jioni aliandika kwenye simu yake na kunionyesha. Kwetu dada mkubwa ni yaya, na siku moja aliandika: *Yaya, leo inauma kama iko na meno.* Kama ina meno. Nilikwenda chooni nikajitazama kwenye kioo, nikafungua mdomo wangu wenyewe, meno yangu mazima, mashavu yangu laini. Nilikuwa mimi. Seli zangu zilikuwa zinamtafuna mdogo wangu kutoka ndani.

Kesho yake nilikwenda kliniki peke yangu, nikafunga mlango wa kile chumba nyuma yangu.

"Mama, batoe damu yangu mu mwili yake. Batoe. Miye njo namukula."

Hakunikumbatia. Hakuwa mtu wa kukumbatia. Alinikalisha kwenye kiti cha wagonjwa na kusimama mbele yangu.

"Ukitoa damu yako, atabakia na nini?"

Nikaitazama friza.

"Hakuna ingine. Yake ya zamani bali­iua kule India. Ile yako iko inamuluma, ndiyo. Na iko inamubeba. Byote mbili, siku moja, saa moja. Rudia ku nyumba, umukorogee uji, usilie mbele yake. Ukilia, ataona huruma juu yako, na yeye njo mugonjwa."

Nikarudi, nikakoroga uji.

Kwa kuwa walikuwa wamemwona mapema, dawa ya kusukutua ilianza siku ileile mistari ilipotokea, na daktari aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo lililookoa sehemu kubwa ya kinywa. Majibu ya ng'ambo yalifika mvua zilipoanza. Daktari alituita, akasoma polepole. Mate ya ile Alhamisi ya mwezi wa saba yalikuwa tayari yana ile dalili waliyoitafuta, imepanda, wiki mbili kabla ya doa la kwanza. Akaweka karatasi chini na kumgeukia Mama wa Labo.

"Ulijua namna gani, mama?"

"Nilikuwa naangalia, docta."

Akamwomba aandike anachokiona, kwa faida ya wengine. Akaandika, kwenye daftari la shule lenye jalada la buluu. Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mwandiko wake ulikuwa mgumu, aliniomba nimnakilie. Kulikuwa na mate ya uzi. Mate ya povu. Mate ya mchanga, yanayoacha chenga. Kila aina na maelezo yake, urefu wa muda, rangi, harufu, na majina ya wagonjwa pembeni. Na kulikuwa na aina moja isiyo na maelezo yoyote. Aliandika tu: mate ya kimya.

"Hii ni nini, mama?"

"Hiyo siwezi kuandika."

"Sasa niandike nini?"

"Ruka."

Nikaruka. Lakini macho yalikuwa yamekwisha kuona. Pembeni ya maneno hayo kulikuwa na majina matatu. Mawili niliyajua, ni watu waliokuwa wamekufa. La tatu lilikuwa Ornella, yule binti wa Golf, ambaye nilikuwa nimemwona asubuhi hiyohiyo amevaa viatu vipya, anacheka na simu.

Alikufa kabla mwezi haujaisha, kwa homa ya mapafu iliyomchukua kwa siku nne. Kinywa chake hakikuwa na kidonda hata kimoja.

Nilimkabili Mama wa Labo. Sikumheshimu siku hiyo, nakiri. "Ulijua! Juu ya nini haukumuambia baba yake?"

Alikuwa anafuta vichupa. Alifuta kimoja hadi mwisho kabla ya kunijibu.

"Kinywa naweza kusema, juu kinywa iko na dawa. Ile ingine haina. Nitaenda kwa baba ya muntu kumuambia nini? Ati mate ya mutoto yako imenyamaza?"

"Angejua."

"Angejua, angekaa mwezi muzima anamulilia mutoto muzima. Mutoto angeuliza, papa, unalilia nini?" Akaweka kichupa mahali pake. "Miye nilichagua. Inaniuma. Usizani hainiumake."

Nikaliona daftari mezani na, bila kufikiri, nikaanza kugeuza kurasa kutafuta jina la Trésor. Aliweka kiganja juu yake, kwa nguvu, kidole changu kikabaki ndani. Hakukiondoa kiganja mpaka nilipokivuta kidole changu mwenyewe. Sijawahi kulisoma lile daftari tena, na hadi leo sijui kama nimemsamehe au nilimwogopa tu.

Utafiti ulipokwisha, friza ilizimwa. Nilisikia kwamba alikaa nayo asubuhi nzima hadi ilipoacha kudondoka maji, kisha akalipiga pasi koti lake, akalitundika, akaenda nyumbani kwake Bel-Air kupumzika. Trésor alipata nafuu. Makovu yalibaki, mashavu yake ndani ni magumu kama ngozi ya ngoma, lakini anakula, anaongea, na alipata kazi ya kuandika vifaa kwenye ghala moja upande wa mgodi wa Kinsevere. Mwaka huu, Jumapili moja baada ya misa, alisema anataka kumwona Mama wa Labo. Tukaenda.

Alikuwa ameketi uani, kiti kimeelekea jua, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote. Binti yake alituletea viti. Mama wa Labo alimtambua Trésor mara tu alipotoa salamu, akamwita papa, akaagiza aletewe tochi.

"Fungula kinywa."

Trésor akacheka, akapiga magoti, akafungua. Alimsogelea sana, karibu pua iguse mdomo, tochi mkononi. Akakaa hivyo.

"Muzuri," akasema. "Ile damu ya Bibiane imetulia. Na weye, Bibiane. Kuya."

"Miye sina kitu, mama."

"Nimesema kuya."

Nikapiga magoti. Pumzi yake ilinigusa midomo, ilinukia karafuu. Alikaa na mimi muda mrefu kuliko alivyokaa na Trésor. Kuku walipita, mtu alicheka barabarani. Kisha akaifunga taya yangu kwa vidole viwili.

"Chini ya ulimi, kushoto. Kesho kwenda kwa docta ya meno. Usingoje."

Sikuwa na maumivu yoyote. Nilijitazama kwenye kioo nyumbani na sikuona kitu. Nilikwenda Jumatatu kwa sababu niliona haya kutokwenda. Daktari wa meno naye hakuona kitu, hadi alipouvuta ulimi kwa shashi hadi mwisho: doa jeupe, dogo kuliko punje ya mchele, kwenye mkunjo kabisa. Akalikata, akalipeleka kupimwa. Majibu yalisema haikuwa saratani bado. Hilo neno "bado" daktari alilirudia mara mbili, akasema, akidhani nimeliona mwenyewe, kwamba nina bahati ya kuwa na macho makali.

Kidonda kilipopona nilinunua munkoyo na kitambaa cha kikwembe, nikaenda Bel-Air kushukuru. Binti yake alinifungulia lango. Nikamsimulia yote palepale, jinsi mama yake alivyoona kile ambacho hata daktari karibu akikose. Alinisikiliza akiwa na ufagio mkononi, kisha akatazama nyuma, kule uani.

"Yaya," akasema polepole, "mama haonake."

"Namna gani haonake?"

"Macho yake ilikufa tangu mwaka iliopita. Haonake hata mukono yake."

"Lakini alituangalia. Na tochi."

"Tochi anaishikaka juu bantu basiogope."

Nilibaki na munkoyo wangu mikononi. Nilitaka kuondoka. Nilifikiria kabisa kumwachia zawadi na kurudi barabarani. Lakini kutoka uani sauti ikaniita, kabla sijatoa salamu, kabla sijapiga hatua moja kwenye saruji.

"Bibiane. Balikata?"

"Balikata, mama."

"Kuya nione."

Nikaenda. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikafungua mdomo. Aliiwasha tochi, na mwanga ukapita kando ya sikio langu, ukatua kwenye ukuta nyuma yangu. Sikumwambia. Niliuinua ulimi, nikautuliza, nikamwacha atazame.